Kutoka Msituni Hadi Bondeni: Mwongozo wa Kutembea kwa Miguu Usambara Magharibi

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, ukishaipita Korogwe utaona milima imesimama wima upande wa kulia wa barabara. Inakusindikiza kupita Mombo, kupita mashamba ya mkonge ya Mazinde, mpaka unapoachana nayo na kuingia upande wa Upare. Abiria wengi huitazama dirishani, wakasifia, wakaendelea na safari. Juu kule kuna misitu ya mvua, miji midogo yenye baridi, mabonde yanayolimwa mboga, na njia za miguu zisizohesabika zinazounganisha vyote hivyo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kushuka Mombo na kupanda huko. Watu wengi wamezoea kuamini kwamba kutembea milimani ni jambo la wageni kutoka ng'ambo. Siamini hivyo hata kidogo. Njia za Usambara Magharibi ni njia za watu: za shuleni, za sokoni, za shambani na za msibani. Hakuna anayeweza kuzifaidi kama mtu anayejua kuamkia, kuuliza na kuelewa anachojibiwa.

Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: tembea msituni na bondeni, usiishie kimojawapo. Msitu ndio unaotunza maji, na bonde ndilo linaloyatumia. Ukiona upande mmoja tu utarudi na picha nzuri, lakini hutakuwa umeujua mlima.

Ujue mlima kabla ya kuupanda

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Bonde la mto Lwengera linaigawa Usambara mara mbili. Mashariki kuna Amani, karibu na Muheza, eneo la chini zaidi na lenye joto zaidi. Magharibi, ambako ndiko mwongozo huu unakokupeleka, kuna wilaya ya Lushoto pamoja na Bumbuli. Huku ni juu zaidi: mji wa Lushoto uko takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Magamba na Shagayu vinapita mita 2,200.

Ukitaka kuusoma mlima huu, uwaze katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kingo, yaani ile miamba inayoporomoka ghafla kuelekea tambarare. Hapa ndipo penye mandhari ya mbali. Ya pili ni misitu iliyobaki juu ya vilele. Ya tatu ni mabonde ya ndani, yenye nyumba, migomba, mahindi, viazi na bustani za kabichi, karoti na pilipili hoho zinazopelekwa masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Kinachounganisha sehemu hizo ni maji. Upepo wa Bahari ya Hindi unaleta unyevu, mlima unaupandisha juu, nao unageuka ukungu na mvua. Miti hunasa ukungu huo kwenye majani na kuvu za magogoni, na udongo wenye majani yaliyooza hunyonya maji na kuyaachia polepole hata miezi ya kiangazi. Mto Umba unaanzia msitu wa Shagayu na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, upande wa Kenya. Vijito vingine vinaingia mto Mkomazi na mto Lwengera, navyo vinaishia mto Pangani, ule unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Unapokanyaga kijito kidogo msituni, ujue kuna watu wengi wanaokitegemea ambao hutawaona.

Wakati wa kwenda

Miezi ya Juni hadi Septemba ina mvua chache na njia kavu. Lakini Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kali kwa mtu wa pwani, na asubuhi ukungu unaweza kufunika kila kitu mpaka saa 4 au saa 5. Januari na Februari ni miezi mizuri pia: jua lipo, anga huwa safi, na matunda ya milimani kama plamu na peasi huuzwa kandokando ya barabara.

Epuka masika ikiwa ni mara yako ya kwanza. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu wa huku huteleza vibaya, na barabara za vijijini huweza kukatika. Vuli, karibu na Oktoba hadi Desemba, inatembeka kwa mtu aliyejiandaa: tembea asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi hushuka mchana.

Kumbuka pia kwamba mlima hauna hali ya hewa moja. Miteremko inayoelekea bahari hupata mvua nyingi. Upande wa kaskazini magharibi, kule Mtae na Mambo, ni mkavu zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi. Kwa hiyo mtu anayeshuka basi Mombo akitokwa jasho, jioni hiyohiyo Magamba atahitaji sweta na blanketi.

Kufika na kulala

Kuna mabasi ya moja kwa moja kwenda Lushoto kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ukikosa, panda basi lolote la barabara kuu, shuka Mombo, kisha chukua gari dogo la abiria. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takribani kilomita 33 za lami, zenye kona nyingi na bonde refu upande mmoja. Ikiwa unasumbuliwa na kichefuchefu garini, kaa mbele na usile sana kabla. Katikati ya njia utapita Soni, na maporomoko yake utayaona kutoka barabarani.

Lushoto ina nyumba za wageni za kila bei, pamoja na hosteli za taasisi za dini ambazo ni safi na tulivu. Wajerumani waliufanya mji huu kituo chao cha kukimbilia joto la pwani na kuuita Wilhelmstal. Baadhi ya majengo yao bado yapo. Fika mchana, ulale, uanze kutembea kesho yake. Anayeshuka garini na kuingia njiani palepale huchoka mapema na kuharakisha mahali pasipotaka haraka.

Kibali na mwongozaji

Kwenye barabara na njia za vijijini huhitaji kibali. Msitu ni jambo tofauti. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kila anayeingia hulipa kiingilio. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si kwa kumpa mtu fedha mkononi. Dai risiti na uitunze mpaka utoke.

Chukua mwongozaji hata kama unajua ramani. Ndani ya msitu njia za wakusanya kuni na za wanyama hukatana, na ukungu ukishuka zote hufanana. Lushoto kuna vikundi vya waongozaji wenye ofisi na vitambulisho. Nenda ofisini, usikubaliane na mtu aliyekukimbilia stendi. Kabla ya kuondoka, kubalianeni mambo manne: njia gani, saa ngapi za kutembea, bei inajumuisha nini, na nani analipa nauli na chakula cha mwongozaji mwenyewe. Mkishakubaliana usimpunje. Mwongozaji mwema hukuonyesha kinyonga ambaye ungempita bila kumwona, na anajua nyumba ipi ya kubisha hodi mvua ikiwakuta.

Njia nne za kuchagua

*Lushoto hadi Irente: nusu siku.* Hii ndiyo njia ya kuanzia. Kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, ukipanda taratibu kati ya nyumba, migomba na mikaratusi. Mwisho wake ni ukingo wa mwamba, na chini yako, karibu mita 1,000, yapo mashamba ya mkonge, barabara kuu na reli ya Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905. Ng'ambo yake tambarare ya Umasaini inaenda mpaka macho yachoke. Usisogee ukingoni mawe yakiwa na unyevu, na mshike mtoto mkono. Wakati wa kurudi pitia shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, ambako hutengenezwa jibini, mkate na jamu. Agiza chakula cha mchana na upumzike bustanini. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa 9 alasiri, kwa sababu mchana tambarare hujaa ukungu wa joto na kuona mbali huwa shida.

*Msitu wa Magamba: siku nzima.* Kijiji cha Magamba kiko kilomita chache juu ya mji wa Lushoto. Panda gari au bodaboda mpaka huko ili nguvu zako uzitumie msituni. Chagua mzunguko wa saa tatu au wa saa sita. Ule mrefu unakupeleka kwenye misitu minene ya juu, ambako magogo yamevikwa kuvu na mashina mengine hayakumbatiki na watu wawili. Ukimaliza mapema, mwombe mwongozaji akuteremshe upande wa pili, kwenye mashamba, badala ya kurudi ulikopita. Huo mteremko wa kutoka kivulini hadi kwenye bustani za mboga ni somo lote la mlima huu kwa saa moja.

*Soni, Sakharani na Bumbuli: siku moja hadi mbili.* Huku ni kwa mtu anayependa vijiji na historia. Karibu na Soni ipo Sakharani, makao ya watawa Wabenedikti, ambao hulima makadamia na kufuga nyuki. Vuga, iliyokuwa makao makuu ya wafalme wa Kisambaa wa ukoo wa Wakilindi, iko upande huuhuu. Kabla ya kuja, soma Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, inayosimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akaja kutawala Usambara. Ukishaisoma, majina ya vilima utakayotajiwa njiani yatakuwa na wenyewe. Mwenye siku ya pili aendelee hadi msitu wa Mazumbai, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ni msitu mdogo, lakini umehifadhika vizuri sana. Panga ruhusa mapema.

*Lushoto hadi Mtae: siku tatu au nne.* Hii ndiyo safari kamili. Siku ya kwanza unavuka msitu wa Magamba na kutokea upande wa Lukozi. Hapo wengi huchukua gari mpaka Rangwi, ambako masista wa Kanisa Katoliki wana nyumba ya wageni. Siku ya pili unatembea kutoka Rangwi kupitia vijiji, mashamba ya ngazi na vilima vilivyo wazi hadi Mtae. Kijiji cha Mtae kimekaa mgongoni mwa mlima, kote kuwili pakiwa na mteremko. Kukiwa kweupe utaona Hifadhi ya Mkomazi, milima ya Upare na nchi ya Kenya, na mara nyingine Kilimanjaro. Siku ya tatu tembelea Mambo, kisha ulale tena. Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka Mtae mapema sana, kabla hakujapambazuka; ulizia saa ya kuondoka jioni, usisubiri asubuhi.

Mzigo wako

Beba kidogo, lakini usiache vilivyo vya lazima:

- Viatu vyenye meno vilivyokwisha kuuzoea mguu wako. Kiatu kipya kitakutoa malengelenge siku ya kwanza. Raba nzuri zinatosha kiangazi. Wakati wa mvua buti ni bora.
- Soksi ndefu, jozi mbili, na suruali ndefu nyepesi. Jinzi ikilowa huwa nzito na haikauki.
- Sweta, koti la mvua na kofia. Koti la mvua ni la lazima hata Januari.
- Maji lita 2 kwa kila mtu, na vidonge vya kutibu maji kwa safari ya zaidi ya siku moja. Maji ya kijito yanaonekana safi, lakini juu yake kunaweza kuwa na zizi au shamba lililopigwa dawa.
- Chakula cha kutafuna njiani: karanga, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, chapati, tende. Kwenye njia za vijijini utapata chai na maandazi. Msituni hakuna duka.
- Tochi, hata kama unakusudia kurudi mchana. Betri ya simu huisha haraka kwenye baridi na mahali penye mtandao hafifu.
- Bendeji, plasta, dawa ya maumivu, chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini, na dawa zako binafsi.
- Kanga moja. Ni taulo, shuka, kivuli na kamba ya kufungia mkono ulioteguka.
- Fedha taslimu za noti ndogondogo. Vijijini chenji ni tabu, na mtandao wa pesa za simu haupo kila kona.
- Mfuko wa kurudishia takataka zako zote, maganda ya pipi yakiwemo.

Namna ya kutembea

Hesabu muda, usihesabu kilomita. Kwenye njia za huku weka saa moja kwa kila kilomita 3, kisha ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Njia ya kilomita 9 inayopanda mita 600 itakuchukua saa nne, bila mapumziko. Giza huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na msituni huingia mapema zaidi. Anza saa 1 asubuhi, na uweke saa ya kugeuka: ikifika saa 7 mchana na hujafika nusu ya njia, rudi. Kilele kipo na kitakuwepo.

Katika kupanda, piga hatua fupi na mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi, unakwenda mbio. Katika kushuka, kunja magoti kidogo, kanyaga kwa unyayo wote na usiegemee nyuma. Wengi huanguka wakishuka, tena dakika za mwisho, kwa sababu wamechoka na kijiji wamekwisha kukiona. Fimbo moja husaidia sana. Mwombe mwongozaji akutafutie iliyokauka, msikate mti mbichi.

Kunywa maji kabla ya kiu. Baridi inadanganya, mtu anatembea saa tatu bila kunywa kwa kuwa hasikii joto, halafu jioni kichwa kinampasuka.

Ndani ya msitu

Jifunze kwanza kutofautisha msitu wa asili na shamba la miti. Upande wa Shume kuna shamba kubwa la serikali la misindano na misaipresi: miti imepandwa kwa mistari, ina kimo kimoja, na chini yake hakuoti kitu kingi. Mashamba haya yana kazi yake, hutupatia mbao na kupunguza ukataji msituni. Lakini ukivuka kutoka huko kuingia msitu wa asili utaona tofauti: miti ya kila umri, mitambaazi, miferni mikubwa, na udongo laini unaobonyea.

Muulize mwongozaji akuonyeshe mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la mlima huu. Una harufu ya kafuri, na mbao zake zilipendwa mno, ndiyo maana mikubwa imebaki michache. Tazama juu kuona mbega wenye manyoya meusi na meupe, na kima wanaorukaruka matawi ya kati. Sikiliza hondohondo, mbawa zake hupiga kelele kabla hujamwona. Vinyonga wapo wa aina kadhaa, wengine wenye pembe, na rahisi kuwaona ni usiku kwa tochi, kwa kuwa hulala nchani mwa vijiti na rangi yao hufifia. Wapo pia viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, akiwemo ndege mdogo wa chini ya msitu, Sheppardia montana, anayeishi Usambara Magharibi peke yake.

Ili uwaone, punguza sauti na simama mara kwa mara. Kikundi cha watu wanne kitaona zaidi kuliko cha kumi na watano. Usicheze muziki. Usichume ua wala kumshika kinyonga kwa ajili ya picha. Usiwashe moto, na mvutaji asivute. Kiangazi majani makavu huwaka upesi. Tembea katikati ya njia hata ikiwa na tope, kwa sababu kila anayekwepa huipanua, na mvua ijayo huigeuza mfereji.

Ukiona mstari mweusi wa siafu, ruka bila kusimama na umwonye aliye nyuma. Suruali ichomeke ndani ya soksi. Usishike mmea usioujua. Upupu upo, na muwasho wake hukaa. Tazama unapoweka mkono unapopanda kwenye mawe au magogo.

Bondeni kwa watu

Ukitoka msituni umeingia nyumbani kwa watu. Salimia kila unayekutana naye, na mkubwa umwamkie shikamoo. Anayelima mwambie pole na kazi. Mkikutana na mtu aliyebeba mzigo kichwani kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayepisha, upande wa mlimani ili usiporomoke. Usikatize shamba hata kama njia inazunguka. Kwenye miteremko hii unyayo mmoja unaweza kubomoa ukingo wa tuta.

Matuta hayo yana historia nzito. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta kuzuia mmomonyoko, na watu waliipinga amri hiyo mpaka ikaachwa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi wa kuhifadhi udongo uitwao SECAP ulikuja na njia nyingine: kupanda mistari ya majani na miti kwenye kontua, na kufugia ng'ombe bandani. Ndiyo maana leo utakutana na akina mama na vijana wamebeba mafurushi ya majani ya ng'ombe. Waulize kuhusu kazi hiyo. Utaelezwa mambo ambayo hayapo katika kitabu.

Vaa kwa staha, mabega na magoti yafunikwe. Waislamu ni wengi huku, na wakati wa Ramadhani kula na kunywa kwako kuwe faraghani. Piga picha ya mtu baada ya kuomba, na akikataa shukuru uendelee. Usigawe pipi wala fedha kwa watoto njiani. Ukitaka kusaidia, nunua: kula kwa mama lishe, nunua asali, matunda na ndizi kijijini, na usibane bei ya mkulima kwa shilingi ambayo mjini huihesabu. Ulizia siku ya gulio la kijiji unachopita na upange safari iangukie siku hiyo. Njia zote zitajaa watu, na hutapotea.

Mambo yakiharibika

Kabla ya kuondoka mwachie mtu njia yako na saa ya kurudi: mwenye nyumba ya wageni, au ndugu yako kwa simu. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto na uokoaji. Mtandao hupatikana zaidi migongoni kuliko mabondeni, kwa hiyo ukikosa, panda kidogo.

Ukipotea, simama. Rudi mpaka mahali pa mwisho unapopakumbuka. Usifuate kijito ukidhani kitakufikisha kijijini, kwa maana vijito vya huku huishia kwenye maporomoko. Radi ikianza, shuka kutoka kileleni na uondoke chini ya mti uliosimama peke yake.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, abebwe kupelekwa hospitali haraka. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba. Aliyelowa na kutetemeka avuliwe nguo mbichi, avalishwe kavu, apewe kitu cha moto cha kunywa. Lushoto na Bumbuli kuna hospitali.

Anza hivi

Kwa safari ya kwanza chukua siku tatu. Ijumaa panda basi la asubuhi, fika Lushoto, tafuta mwongozaji na ulipe kiingilio cha msitu. Jumamosi ingia Magamba. Jumapili nenda Irente asubuhi, kisha rudi Mombo kukamata basi la mchana. Njia ya Mtae iache kwa safari ijayo, miguu ikishazoea.

Na katika safari hiyo ya kwanza jipe kazi moja. Mkifika kwenye kijito cha kwanza Magamba, muulize mwongozaji kinaitwaje, kinaingia mto gani, na kinapita vijiji vipi. Mkishuka, mwombe akupitishe mahali ambapo maji hayo yanachotwa au yanamwagilia bustani, na uzungumze na anayeyatumia. Muulize yalikuwaje miaka ya nyuma na yakoje sasa. Majibu utakayopewa yatakueleza kwa nini msitu ule unapaswa kubaki pale ulipo, na utakapowasimulia wenzako utakuwa na la kusema zaidi ya kwamba mandhari ni nzuri.